KAYE YA MAJI IFUNGULIWE MBELE YA WOTE



Mwezi kesho kutakuwa mukutano wa watu wote wanaoshota maji kwenye robine za cité yetu. Komite ya maji imetangaza maneno mawili ya kuzungumuza: bei ya bidoni, na kloro. Tumekwisha kusikia mashauri ya watu sokoni na njiani. Wengi wanasema: «Bei isipande, na hiyo kloro iondolewe, inanuka na inakula feza bure.» Sisi wanafunzi hatuna sauti katika mukutano ule, kwani wakubwa wa nyumba njo wanaokata shauri. Lakini maji ni yale yale tunayokunywa, na sisi wa interna tunayakunywa asubui, muchana na magaribi. Ndiyo sababu tunaandika.

Neno letu ni moja tu, na tunaomba mulisikie mpaka mwisho. Maji hayawi safi kwa sababu yametoka ku robine. Yanakuwa safi kwa sababu kuna mutu anayeyapima kila siku na kuandika kweli. Bila mutu yule na kaye yake, robine ni mudomo wa muto tu, hata kama imepakwa rangi.

1. INCHI YA MAJI MENGI

Katika somo la jeografia tunafundishwa kwamba inchi yetu ni tajiri ya maji. Ni kweli. Mwaka 2011 shirika la Umoja wa Mataifa lenye kuangalia mazingira lilitangaza kwamba zaidi ya nusu ya akiba ya maji ya Afrika iko katika Kongo. Lakini ripoti ile ile ilisema kwamba watu karibu milioni 51, ni kusema robo tatu ya wakaaji wa inchi wakati ule, hawakuwa na maji safi ya kunywa. Basi kuwa na maji mengi ni jambo moja, kuwa na maji ya kunywa ni jambo lingine.

REGIDESO, iliyoundwa mwaka 1939, inatumika zaidi katika miji. Katika cité ndogo na vijiji vya milima, watu wanajisaidia: chemchem kule juu, tuyo, siterne, robine, na komite. Na sheria inajua jambo hili. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 48, inasema kwamba kila mutu ana haki ya kupata maji ya kunywa. Sheria ya maji, namba 15/026 ya tarehe 31 desemba 2015, iliondoa desturi ya kuachia kazi ya maji kampani moja ya serikali peke yake.

Tunaandika haya ili kila mutu ajue kwamba komite ya maji si chama cha kujifurahisha. Inafanya kwetu kazi ile ile inayofanywa katika muji mukubwa. Lakini muji mukubwa uko na laboratwari na watu waliosomea kazi ya maji. Komite yetu iko na nini? Iko na mulinzi mumoja wa siterne, ndoo ya kloro, na kaye moja. Mara kloro iko, mara haiko. Na kaye ile, ni nani kati yetu ameiona?

2. NJIA YA MAJI, NA MILANGO YA UCHAFU

Watu wengi wanawaza kwamba uchafu unaingia paka ku chemchem. Hapana. Tufuate njia ya maji hatua kwa hatua, sawa mwalimu wa biolojia anavyofuata njia ya chakula tumboni.

Ku chemchem. Maji yanayotoka ndani ya mulima mara nyingi ni mazuri, kwa sababu udongo umeyachuja. Lakini kama ng'ombe wanalala upande wa juu, ao mutu amechimba choo kule juu, mvua moja kubwa inatosha kuteremusha mavi mpaka ndani ya maji. Ndiyo maana wenye ujuzi wanaomba lupango kuzunguka chemchem, mufereji wa kugeuza maji ya mvua, na choo iwe mbali, si chini ya metre 30, tena isiwe upande wa juu.

Ndani ya tuyo. Hapa kuna siri yenye watu wengi hawaijui. Tuyo yenye kujaa maji inasukuma kwa nguvu. Kama iko na tundu, maji yanatoka inje, na uchafu haupati njia ya kuingia. Lakini maji yanapokatika, tuyo inabakia tupu na nguvu inageuka. Tundu lile linaanza kunyonya. Linanyonya maji ya mufereji, na matope, na yale yanayotoka choo ya jirani. Kesho yake maji yanaporudia, uchafu wote unatangulia ndani ya bidoni ya mama wa kwanza katika mulolongo. Basi mutu anayekata tuyo usiku ili anyweshe mboga zake haibi maji tu. Anafungulia jirani zake wote mulango wa ugonjwa. Tundu linalotoa maji muchana linakunywa usiku.

Ku siterne. Kifuniko kikivunjika, vyura wanaingia, majani yanaanguka, na matope yanalala chini. Siterne isiyooshwa ni kama sufuria yenye kupikiwa kila siku bila kusafishwa.

Ndani ya bidoni. Maji yanaweza kutoka ku robine mazuri kabisa, kisha yakaharibika nyumbani. Bidoni imefungwa kwa majani, kopo limeingizwa ndani na mukono uliotoka kushika mutoto muchafu. Kuchemusha maji ni jambo jema na kunaua mikrobe, lakini maji yaliyochemushwa hayana mulinzi tena. Ukiyagusa kwa mukono muchafu, yanachafuka mara moja. Kloro kidogo yenye kubakia ndani ya maji njo askari wa kuyasindikiza mpaka nyumbani.

3. KITU KISICHOONEKANA KWA MACHO

«Angalia, maji yanangaa kama kioo!» Neno hili tunalisikia kila siku. Lakini mikrobe ya kolera na ya tifoide hazionekani kwa macho. OMS, ni kusema Shirika la Afya la Dunia, inaomba kwamba ndani ya mililitri 100 za maji ya kunywa isionekane hata E. coli moja. Mikrobe ile inaishi matumboni mwa watu na nyama. Ikionekana ndani ya maji, ni kusema mavi imepita pale. Kuitafuta kunaomba vyombo vya laboratwari na kungojea siku moja ao zaidi.

Kloro, hapana. Kloro inapimwa kwa dakika chache, na mwanafunzi yeyote anaweza kujifunza kazi ile. Unashota maji ndani ya kichupa kidogo, unatia kidonge kinachoitwa DPD, unatikisa. Kama kloro iko, maji yanageuka rangi ya roze. Roze nyingi, kloro nyingi. Roze kidogo, kloro kidogo. Unalinganisha na rangi zilizoandikwa kando ya kifaa, unasoma hesabu. Kama maji yanabakia meupe, ni kusema kloro haikutiwa, ao ilitiwa na uchafu umeikula yote. Katika hali zote mbili, mulinzi hayuko.

OMS inaomba kwamba kisha dakika 30 tangu kloro kutiwa, ibakie kama miligramu 0,5 ndani ya litri moja, na pale mutu anaposhotea isiwe chini ya 0,2. Wakati wa kolera, hata ku robine iwe 0,5.

Tuseme pia kweli yote. Kloro si uchawi. Maji ya matope yanaikula mbele haijaua mikrobe, basi inafaa kwanza maji yatulie na kuchujwa. Na kuna vidudu vingine, kama Cryptosporidium, vyenye kusimama mbele ya kloro bila kufa. Ndiyo maana kulinda chemchem kunabakia kazi ya kwanza. Kloro haichukui nafasi ya lupango.

4. UVIRA: KAYE MBILI KANDO KWA KANDO

Sisi watu wa Kivu hatuhitaji mutu wa mbali kutufundisha kolera. Wazazi wetu hawakusahau Goma, mwezi wa julai 1994, wakati wakimbizi karibu 50.000 walikufa ndani ya mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kuhara. Lakini kuna habari ingine, isiyojulikana sana, na hiyo inagusa robine.

Katika muji wa Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, wachunguzi walifuata mambo tangu mwaka 2009 mpaka mwaka 2014. Upande mumoja waliweka hesabu ya maji yaliyotoka kila siku katika kiwanda cha maji cha muji. Upande mwengine waliweka hesabu ya wagonjwa waliopokelewa kila siku katika kituo cha kolera. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Waliona kwamba kisha siku moja bila maji ya robine, ndani ya siku 12 zilizofuata wagonjwa waliongezeka kwa 155 kwa mia, ni kusema walikuwa zaidi ya mara mbili na nusu. Tena walihesabu kwamba karibu wagonjwa 23 kwa mia walitokana na maji ya robine yasiyotoka vizuri.

Somo la kwanza ni wazi: robine ikikauka, watu wanarudia ku ziwa na ku muto, na kolera inawangojea kule. Kwa hiyo sisi hatusemi robine ni kitu kibaya. Tunataka robine itoke kila siku.

Lakini kuna somo la pili. Wachunguzi wale walijua namna gani? Walijua kwa sababu mutu fulani katika kiwanda aliandika kila siku metre kibe ngapi zimetoka, na mutu mwengine katika hospitali aliandika kila siku wagonjwa wangapi wameingia. Watu wawili wenye hawakujuana pengine, kila mutu na kaye yake. Kaye zile mbili zilipowekwa kando kwa kando, zilisema kweli yenye hakuna mutu aliweza kuiona kwa macho.

Kwetu, katika mvua kubwa za mwaka jana, maji yalitoka na rangi ya chai ya maziwa, na chumba cha wagonjwa cha interna kilijaa. Wengi walisema: «Ni maji.» Watu wa komite walisema: «Si maji, ni maembe yenye hamukuosha.» Nani alisema kweli? Hakuna anayejua hata leo. Kaye ya maji haikuonyeshwa, na kama iliandikwa siku zile hatujui. Tunaomba komite ifikiri neno hili: kaye yenye kuandikwa vizuri ingewalinda wao wa kwanza. Kama siku ile ingesema «robine ya mwisho: 0,5», wangeifungua mbele yetu, na maneno yangeisha. Mutu asiye na kaye hawezi kushitakiwa vizuri, lakini hawezi kujitetea vilevile.

5. WALKERTON: KAYE YA UONGO

Mutu atasema: «Hayo ni mambo ya inchi maskini. Kwa wazungu wenye mashini, maji hayana shida.» Asikilize basi habari ya Walkerton, muji mudogo wa watu karibu 5.000 katika jimbo la Ontario, inchi ya Kanada. Ukubwa wake haupiti ule wa cité nyingi za huku.

Katika mwezi wa mei 2000, mvua kubwa iliteremusha mavi ya ng'ombe mpaka ndani ya kisima kimoja chenye kulisha robine za muji. Ndani yake kulikuwa E. coli ya aina mbaya. Watu zaidi ya 2.300 waligonjwa, na watu 7 wakafa. Serikali ilimuagiza jaji Dennis O'Connor kuchunguza, naye akatoa ripoti yake mwaka 2002.

Jaji aliona nini? Mashini ya kutia kloro ilikuwako. Kifaa cha kupima kilikuwako. Karatasi ya kuandikia hesabu ya kila siku ilikuwako. Lakini watumishi wa maji hawakupima kila siku. Waliandika hesabu ya kubuni, 0,5 ao 0,75, siku zote namna moja, kana kwamba wamepima. Juu gani? Hawakuwa watu wa kutaka kuua. Hawakufundishwa vizuri kazi yao, na waliamini kwamba maji ya kisima ni mazuri. Mumoja wao alikuwa akikunywa maji yale bila kloro, kwa kuyapenda. Na wakaaji wengine walikuwa wakinungunika juu ya harufu ya kloro. Tena, laboratwari ilipotuma habari kwamba mikrobe imeonekana, mukubwa wa maji aliificha, na watu waliendelea kukunywa siku kadhaa.

Wasomaji, je, hamusikii sauti za kwetu ndani ya habari hii? «Mimi nayakunywa tangu utoto, sijagonjwa.» «Kloro inanuka.» «Andika tu kama jana.» Mashini haikuwaokoa. Utajiri haukuwaokoa. Kitu kilichokosekana ni mutu wa kupima na kuandika kile amekiona.

Ukurasa mutupu unasema: hakuna aliyepima, mujihazari. Hesabu ya uongo inasema: laleni, kila kitu ni sawa. Kwa hiyo kaye ya uongo ni mbaya kuliko kukosa kaye.

Neno hili linatuhusu sisi wanafunzi pia, si komite tu. Kuna wanafunzi ambao katika kazi ya laboratwari wanaandika matokeo mbele hawajawasha hata taa, kwa sababu wanajua hesabu yenye mwalimu anangojea. Wanapata pointi, wanacheka. Lakini mutu anayezoea kuandika hesabu bila kupima, siku moja atapewa ufunguo wa siterne ao wa sanduku la dawa. Mukono utafuata mazoea yake.

6. MANENO YA WALE WASIOKUBALI

Hatutaki kuyapita maneno ya wengine bila kuyajibu, kwani ni wazee wetu na tunawaheshimu.

Wa kwanza wanasema: «Maji ni ya Mungu, hayauzwi.» Tunakubali. Maji ni ya Mungu. Lakini tuyo haikuanguka pamoja na mvua, na mulinzi wa siterne ana watoto wanaolipa minerval sawa sisi. Feza ya bidoni hainunui maji, inalipa njia yake na mulinzi wake. Kama kuna mujane ao muzee asiyeweza kulipa, mukutano utaje jina lake waziwazi na apewe bure. Hiyo ni afazali kuliko kushusha bei kwa wote mpaka kloro inakosa na wote, na mujane pia, wanakunywa uchafu.

Wa pili wanasema: «Tutalipa, lakini feza zinaenda wapi?» Hawa wana haki kabisa, na sisi tuko pamoja nao. Kaye ya feza ifunguliwe vilevile kama kaye ya kloro. Watu wakiona imenunua nini, watalipa bila kusukumwa.

Wa tatu wanasema: «Babu zetu walikunywa maji ya muto.» Ndiyo, na waulizeni walizika watoto wangapi. Tena wakati wao nyumba zilikuwa chache, na upande wa juu ya chemchem kulikuwa pori. Leo kuna nyumba, choo na mifugo. Muto ni ule ule, lakini jirani zake wamekuwa wengi.

Wa ine wanasema: «Kloro inanuka na inaharibu mwili.» Kuhusu mwili, OMS imeweka mupaka wa miligramu 5 ndani ya litri moja, ni kusema mara kumi ya ile 0,5 tunayoomba. Lakini kama inapita mupaka, tutajua namna gani bila kupima? Mwenye kuogopa kloro nyingi na mwenye kuogopa mikrobe wanapashwa kuomba kitu kimoja: ipimwe. Kuhusu harufu, inapungua ukiacha maji saa chache ndani ya chombo chenye kufunikwa.

Wa tano wanasema: «Kloro ni gali.» Tuhesabu pamoja, ni hesabu ya darasa la pili. Tuseme siterne ina metre kibe 20. Hizo ni litri 20.000, ni kusema bidoni 1.000 za litri 20. Tuseme tunatia miligramu 2 kwa litri, maana sehemu moja italiwa na uchafu na sehemu ingine itabakia. Tunahitaji gramu 40 za kloro yenyewe. Unga wa kloro wenye nguvu ya 70 kwa mia unaomba basi karibu gramu 57. Ni kama vijiko vikubwa vine ao vitano vya unga kwa bidoni elfu moja! Gawanyeni bei yake kwa bidoni elfu, muone ni sehemu gani ya franka. Kitu chenye kuomba feza zaidi ni mutu: mulinzi wa kutia, wa kupima, wa kuandika. Na mutu yule njo dawa yenyewe.

7. TUNAOMBA NINI?

Kwanza, kloro ibakie. Na ndoo yake ifungwe vizuri, mahali pakavu pasipo joto, kwani unga wa kloro uliofunguliwa na kupata unyevu unapoteza nguvu. Mutu anaweza kutia vijiko vyote vile na asitie kitu.

Pili, ipimwe kila asubui mahali pawili: karibu na siterne, na ku robine ya mwisho kabisa, kule chini. Juu gani ile ya mwisho? Kwa sababu kloro inapungua njiani. Robine ya kwanza ikiwa nzuri haisemi kitu juu ya ya mwisho. Ya mwisho ikiwa nzuri, zote ni nzuri.

Tatu, hesabu iandikwe juu ya kibao chenye kila mama anaweza kukisoma akingojea zamu yake: tarehe, saa, hesabu, na jina la aliyepima. Kama ni sifuri, iandikwe sifuri. Yule anayeandika sifuri asitukanwe. Ashukuriwe, maana amewaokoa.

Ine, siku ya maji ya matope, ao siku maji yamerudia kisha kukatika, komite itangaze siku ile ile, kwa ngoma, kwa kengele, kwa megafone, kwa njia yoyote: «Chemusheni maji ya leo!» Haya kwa kutangaza yanapita upesi. Kilio cha mutoto hakipiti upesi.

Tano, mulinzi alipwe kila mwezi, na afundishwe kazi. Musimupe mutu ufunguo wa matumbo yetu yote, kisha mumuambie ajitolee.

Sita, masomo yasaidie. Tunaomba Bwana Prefe na Komite ya wazazi wakubali kununua kifaa cha kupima na vidonge vya DPD. Kifaa chenyewe ni kidogo, kinaingia mukononi. Wanafunzi wa siansi, pamoja na mwalimu wa kemia, watateremuka mara moja kwa juma kupima robine zile zile na kuandika hesabu yao kando ya ile ya komite. Hatuendi kama polisi. Kaye mbili zikikubaliana, watu wataamini komite zaidi. Zisipokubaliana, tutatafuta pamoja sababu. Na sisi tutapata somo la kemia lenye kukunywewa na watu, lisilobakia juu ya ubao tu.

Kwa wanafunzi wenzetu tunaongeza maneno matatu madogo: fungeni robine, osheni bidoni ndani kwa muchanga na sabuni, na mukiona tuyo inavuja njiani, musipite kimya. Mumuambie mulinzi siku ile ile, kwa kuwa sasa munajua tundu lile linafanya nini usiku.

Wazazi wetu, muko na sauti katika mukutano ule, sisi hatuna. Hatuombi museme maneno mengi. Bei itakapozungumuzwa, mumoja wenu asimame na kuuliza swali hili moja: «Jana asubui, kloro ilikuwa ngapi ku robine ya mwisho?» Kama mutu anajibu mara moja na kufungua kaye, lipeni bei ile bila kunungunika, kwani feza yenu inafanya kazi. Kama wote wanatazamana, musiondoke pale mbele hamujachagua mutu wa kuipima kesho yake.

Wanafunzi wa gazeti,
wa interna na wa inje